UZI: Caravan mbili, makao Nduli (Iringa). Njia ya Dar inaweza kulisha kampuni ndogo? Leteni hesabu

#1 Kihesa_Juu (mleta uzi)

Wadau wa anga, salaam.

Kuna kundi la wawekezaji wa ndani lina wazo la kuanzisha kampuni ya ndege yenye makao Nduli, Iringa. Mpango wao kwenye karatasi:

- Cessna 208B Grand Caravan mbili (ndege ndogo za injini moja), za kukodi
- Iringa–Dar kila siku, Iringa–Dodoma mara 3 kwa wiki, Songea baadaye
- Nauli ya Dar 280,000 kwenda tu

Wanasema mji umekua, vyuo vipo, lami ya uwanja imepanuliwa, na basi la Dar linakula kutwa nzima ukishaweka mlima wa Kitonga na ule mwendo wa 50 kupita mbuga ya Mikumi. Wanaamini abiria 8 kwa safari hawakosekani.

Siasa ya "mkoa wetu unastahili" tuiweke pembeni. Nataka mtu anayejua gharama aniambie hii kitu inasimama au inaanguka, na inaangukia wapi.

---

#2 HesabuKavu

Inaanguka kwenye nauli, tena kabla hatujafika kwenye idadi ya abiria. Nakuwekea makadirio yangu ya kupangia bajeti, ukiwa na namba za mkataba halisi zibadilishe. Dola moja naichukulia 2,600.

Gharama za kudumu, kwa ndege moja kwa mwezi, iruke isiruke:
- kukodi ndege bila marubani: dola 22,000
- bima ya ndege na ya abiria: 5,000
- marubani seti mbili pamoja na makato yao: 13,000
- mafundi, wakuu wa idara, ofisi, mafunzo: 12,000

Jumla 52,000.

Gharama za kila saa ya kuruka:
- mafuta lita 200 kwa dola 1.20: 240
- akiba ya injini: 130
- propela, bodi, matairi, vipuri: 150
- kutua, kuongozwa angani, huduma za rampu: 60

Jumla 580.

Dar–Iringa ni maili 211 za angani. Caravan inakwenda noti 165 hivi (maili 165 za angani kwa saa), ukiongeza kutambaa uwanjani, kupanda na kujipanga kutua, weka saa 1 na nusu tangu magurudumu yaanze kusogea hadi yasimame.

Ndege ikiruka saa 80 kwa mwezi, saa moja inagharimu 650 + 580 = dola 1,230. Safari moja ni dola 1,845, yaani kama milioni 4.8 za madafu. Ikiruka saa 40 tu, safari hiyohiyo inafika dola 2,820.

Sasa nauli ya 280,000. Jaza abiria 11 bila kiti kuwa wazi: 3,080,000, sawa na dola 1,185 kwa safari, au 790 kwa saa. Toa 580 za kila saa, inabaki 210 ya kulipia gharama za kudumu. 52,000 gawanya kwa 210 unapata saa 248 kwa mwezi kwa kila ndege, viti vyote vimejaa, kwenda na kurudi, siku zote.

Hakuna Caravan ya abiria inayofanya hivyo. Kwa nauli hiyo hata ndege ikijaa unapoteza.

---

#3 mtoto_wa_Ipogolo

Duh. Kwa hiyo 8 kwa safari ni ndoto ya mchana.

---

#4 MizaniNaMafuta

HesabuKavu amejaza 11 kwa ukarimu. Tuangalie kama hao 11 wanapanda kweli.

Uzito wa juu wa kuruka wa 208B ya kawaida ni kilo 3,969. Ndege tupu yenye viti vya abiria, mafuta ya injini, vifaa na marubani wawili inakaa kama kilo 2,430. Zinabaki kilo 1,540 za kugawana kati ya mafuta na watu.

Mafuta ya Dar kwenda Iringa:
- safari: lita 300, kilo 240
- uwanja mbadala, tuseme Dodoma, maili 90: kilo 100
- akiba ya mwisho ya nusu saa: kilo 80
- kutambaa na dharura ndogo: kilo 30

Jumla 450. Zinabaki kilo 1,090. Abiria na begi lake la kilo 15 ni kilo 95. Unapata watu 11. Sawa.

Lakini Jet A-1, mafuta ya ndege hii, utaipata wapi Nduli? Kama hakuna, inabidi ubebe ya kurudia kutoka Dar, kilo 240 nyingine. Zinabaki 850. Gawanya kwa 95, watu 8, basi. Viti vitatu vimeliwa na mafuta ambayo yamepanda Iringa kutalii na kurudi.

Na hao 8 ndio wote. Sio wastani, ni ukomo. Kwa dola 1,845 kila mmoja anatakiwa kulipa 231, laki 6 kamili, ndege ikiwa imejaa.

Mwenye mpango aanze na swali la mafuta, rangi ya mkia wa ndege itachaguliwa baadaye.

---

#5 Kihesa_Juu

> "Viti vitatu vimeliwa na mafuta"

Hii haimo kabisa kwenye karatasi yao. Wameandika viti 12 kila safari. Je, mwinuko wa Nduli nao unakula kitu?

---

#6 MizaniNaMafuta

Unakula. Nduli iko futi 4,600 na ushee. Kwa mwinuko huo hewa ya kawaida ingekuwa nyuzi 6 hivi. Mchana wa Oktoba au Novemba ukikuta nyuzi 28, umezidi kwa nyuzi 22, na kila nyuzi moja inaongeza kama futi 120 za hewa nyepesi. Ndege inajiona iko kama futi 7,300. Inaruka, lami ni ndefu ya kutosha kwa Caravan, ila inapanda kivivu, joto la injini linafika mapema kuliko nguvu kamili, na rubani mwenye akili anapunguza mzigo. Panga safari nzito za kutoka Iringa kabla ya saa 4 asubuhi.

Kuna viwanja vibaya zaidi. Sumbawanga iko karibu futi 5,900, ukikuta nyuzi 25 unafanya kazi kwenye futi 8,500. Njombe iko juu zaidi ya hapo.

---

#7 Msafiri_wa_Kusini

Naomba kupinga kidogo. Kampuni za Auric na Coastal wanarusha Caravan nchi hii miaka nenda rudi na wapo. Wangekuwa wanapata hasara kila safari wangeshafunga. Nyie mnatisha watu.

---

#8 HesabuKavu

Mkuu, hakuna aliyesema Caravan haina faida. Angalia zinakotua: Serengeti, Ruaha, Nyerere, Mafia, Zanzibar. Aliyekaa kwenye kiti ni mgeni aliyelipia kifurushi miezi mingi kabla, na kiti cha ndege ndani ya kifurushi hicho ni sehemu ndogo ya bili yake. Halafu hawarushi A kwenda B na kurudi. Wanarusha mnyororo: ndege moja inashusha wawili hapa, inapandisha watatu pale, inamalizia na wanne kwingine.

Abiria wa Iringa analinganisha na basi. Mgeni wa Ruaha analinganisha na siku nzima ya vumbi. Ni soko mbili tofauti ndani ya ndege moja.

---

#9 rampu_ya_Msembe

Na hapo ndipo Iringa ina bahati ambayo Songea haina. Kiwanja cha Msembe ndani ya hifadhi ya Ruaha kiko kama maili 50 tu kutoka Nduli, dakika 25 hadi 30. Msiuze Dar–Iringa. Uzeni Dar–Iringa–Msembe na kurudi, Iringa iwe kituo cha kati.

Piga hivi, kwa saa 2 za kuruka upande mmoja:

Ndege ikifanya saa 80 kwa mwezi: dola 1,230 × 2 = 2,460, milioni 6.4. Wageni 5 kwa 900,000 wanaleta 4,500,000. Abiria wa Iringa 5 kwa 380,000 wanaleta 1,900,000. Jumla 6,400,000. Umerudisha gharama kwa kichwa tu, na ndege ina watu 10 kati ya 11. Hakuna nafasi ya kupumua.

Ndege ikifanya saa 110 kwa mwezi: gharama ya saa inashuka hadi dola 1,053. Upande mmoja ni 2,106, kama milioni 5.5. Wageni 5 na abiria 3 wa Iringa wanatosha.

Tofauti ya abiria wawili kila upande imeletwa na saa za kuruka, wala hujagusa nauli. Kwa hiyo swali langu kwa mleta uzi: saa hizo mnazo?

---

#10 Kihesa_Juu

Dar–Iringa–Msembe kwenda na kurudi kila siku ni saa 4. Mara 30, saa 120. Kwa ndege mbili ni saa 60 kila moja...

---

#11 rampu_ya_Msembe

Umeshajijibu. Ndege mbili kwa njia moja ni kujiua. Chukueni moja, ifanye saa 110 hadi 120, na siku za ukaguzi mkodi ndege ya kampuni nyingine pamoja na marubani wake.

---

#12 SpanaKumi

Ndege moja ni sawa kwenye hesabu, ila fundi naomba niongee kabla hamjafurahi.

Saa 110 kwa mwezi maana yake ukaguzi wa kila saa 100 unakuja karibu kila wiki nne. Ukiwa na vipuri vyote mezani ni siku mbili. Ukifungua ukakuta kitu, ni siku tano, na kipuri kinatoka nje ya nchi kinasubiri forodha. Huo mkataba wa ndege ya kukodi lazima uwe umesainiwa, na TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) wameuona na kuukubali kabla, huwezi kuanza kutafuta kibali siku ambayo abiria 9 wamekaa Nduli na mabegi.

Injini. PT6A-114A ya Caravan hiyo inafanyiwa matengenezo makubwa kila saa 3,600, na katikati, saa 1,800, inafunguliwa sehemu ya moto. Kwa saa 110 kwa mwezi, saa 1,800 zinafika mwezi wa 17. Kampuni ndogo nyingi hufia hapo. Ile dola 130 kwa saa iliyoandikwa akiba ya injini inakuwa imeshalipa mishahara ya Aprili na bima ya Julai. Siku ya kufungua injini inafika, akaunti ina vumbi. Kama ndege ni ya kukodi, mwenye ndege mzoefu atawadai akiba hiyo kila mwezi aishike mwenyewe. Msilalamike, anawaokoa.

Vumbi na chumvi. Msembe ni changarawe. Ukiwa chini kwenye vumbi, kitenganishi cha hewa kiwekwe upande wa kupitisha pembeni, kokoto na mchanga visiingie kwenye kompresa (sehemu ya injini inayobana hewa). Unapoteza nguvu kidogo, unalinda pesa nyingi. Usivute nguvu ndege ikiwa imesimama juu ya kokoto, anza kuviringika kwanza ndipo uongeze, la sivyo propela inaokota mawe na ncha zinachanika. Kila jioni fundi apitishe kidole kwenye ukingo wa mbele wa kila panga. Kijichimbo kidogo kinasuguliwa kwa tupa kulingana na kitabu, kikiachwa kinakuwa ufa. Ikilala Dar, hewa ya bahari ina chumvi, kompresa isuuzwe kwa maji safi kila siku. Kompresa chafu inapandisha joto la injini kwa nguvu ileile, na ile sehemu ya moto utaifungua kabla ya saa 1,800.

---

#13 BintiMhehe

Fundi asante, hiyo ya propela sijawahi kuisikia ikielezwa hivyo.

Swali la mjinga: kwa nini wasichukue ndege kubwa kidogo? Dash 8 ya watu 50 nauli si ingeshuka?

---

#14 HesabuKavu

Si la mjinga, dada. Nauli inashuka kweli. Dash 8-300 weka dola 3,600 kwa saa kila kitu ndani, Dar–Iringa saa 1 na dakika 5, safari ni dola 3,900. Ikijaa asilimia 65, watu 32, kila mmoja 122, kama 317,000. Karibu nusu ya Caravan.

Ila unahitaji 32 kila upande. Mara 4 kwa wiki ni watu 256 kwa wiki, wiki zote, Machi hadi Machi. Na ukiruka mara 4 tu kwa wiki, mfanyabiashara haoni ratiba, anaona bahati nasibu. Anapanda gari lake.

Zaidi ya hapo ndege hiyo huwezi kuilisha kwa Iringa peke yake. Saa 2 na dakika 10 mara 4 kwa wiki ni kama saa 37 kwa mwezi, na hiyo 3,600 inadhani inaruka saa 150 au zaidi.

---

#15 Zimamoto_K5

Kuna na habari ya zimamoto ambayo watu huisahau. Daraja la ulinzi wa moto la uwanja linafuata urefu wa ndege na upana wa bodi yake. Caravan 208B ina mita 12.68, daraja la 3. ATR 42 mita 22.67, daraja la 4. Dash 8-300 na ATR 72 ni daraja la 5. Q400 ina karibu mita 33, daraja la 6. Uwanja ambao ndege za daraja lake la juu zinaruka na kutua chini ya mara 700 katika miezi mitatu yenye shughuli nyingi unaruhusiwa kushuka daraja moja, basi.

Maana yake gari, maji, povu na watu wa zamu lazima vilingane na ndege saa inapotua. Ratiba ikibadilishwa kutoka saa 3 asubuhi kwenda saa 11 jioni bila kuwaambia TAA (mamlaka ya viwanja vya ndege) mapema, unaweza kufika juu ya uwanja ukaambiwa daraja limeshuka kwa sababu zamu imeisha.

---

#16 Msafiri_wa_Kusini

Ndiyo maana nauli zinapaa, kila kitu wanabebeshwa abiria!

---

#17 Wilson_Gate

Habari zenu, nachangia kutoka Nairobi. Linganisheni na Ukunda kwetu. Mombasa ina uwanja mkubwa na reli ya SGR tangu 2017, lakini Ukunda bado inapata ndege ndogo kutoka Nairobi kila siku. Sababu ni Likoni. Anayeenda Diani akitua Mombasa lazima avuke feri au azunguke barabara ya Dongo Kundu, akitua Ukunda yuko karibu na hoteli yake. Kinachouzwa pale ni kuepuka kivuko.

Kila uwanja mdogo unaoishi una "Likoni" yake. Lodwar ni umbali. Yenu ni gani? Kama ni Kitonga tu, barabara ikipanuliwa soko limeondoka.

---

#18 HesabuKavu

Hoja nzito hiyo. Na mfano wa pili uko hapahapa: Dodoma. SGR ilipoanza kubeba abiria Dar–Dodoma mwaka 2024, daraja la kawaida 31,000, kama saa 3 na nusu, abiria wa ndege aliyekuwa anajilipia mwenyewe aliondoka. Kwa hiyo ile Iringa–Dodoma mara 3 kwa wiki ya mleta uzi, maili 90, barabara ya lami kama kilomita 260... abiria wake ni mtumishi mwenye gari la ofisi. Ifuteni. Ibaki ya kukodishwa kwa oda tu.

---

#19 Kihesa_Juu

Imefutwa. Tuje kwenye mafuta Nduli. Mapipa yanafaa?

---

#20 MizaniNaMafuta

Yanafaa kwa kuanzia, kwa nidhamu. Lita 300 kwa siku ni pipa moja na nusu la lita 200, kama mapipa 45 kwa mwezi.

1. Pipa liwe na lakiri ya muuzaji, namba ya bechi na tarehe ya kujazwa. Likikaa zaidi ya miezi 12 haliingii kwenye ndege bila kupimwa upya.
2. Hifadhi kwa kulaza chini ya kivuli, vizibo viwe usawa wa saa 3 na saa 9 vikiwa vimefunikwa na mafuta, lisivute unyevu. Likisimama nje, maji ya mvua hukaa juu ya kifuniko na hunyonywa ndani usiku linapopoa.
3. Kabla ya kutumia, lisimamishe limeinama kidogo, liachwe litulie. Maji na uchafu vinakwenda upande wa chini. Bomba la pampu liingie upande wa juu, na lisiguse chini, acha sentimita 5.
4. Chuja kwa kichujio kinachozuia maji. Chukua sampuli kwenye chupa ya kioo, iwe angavu bila ukungu. Halafu kidonge cha kupima maji kwenye sirinji: kikigeuka kijani, pipa hilo limekataliwa.
5. Unganisha waya wa kutoa umeme tuli kati ya pipa, pampu na ndege kabla ya kufungua kifuniko chochote.

Makosa ya kawaida ni mawili. Kuchanganya masalia ya mapipa matano kuwa pipa moja, na kuruka kipimo cha maji kwa sababu mvua inakuja na abiria wamekaa. Mvua inayokuja ndiyo sababu ya kupima.

Biashara ikisimama, ongeeni na muuzaji aweke tangi dogo la juu ya ardhi lenye pampu na kichujio. Atauliza mnanunua lita ngapi kwa mwezi kwa uhakika. Hapo ratiba ya kila siku inasaidia kuliko maneno.

---

#21 Faili_la_TCAA

Upande wa vibali, kwa kifupi maana watu wanachanganya vitu viwili.

Leseni ya huduma za anga ni ruhusa ya biashara: nani wamiliki, mtaji uko wapi, njia zipi. AOC ni uthibitisho kwamba mnaweza kurusha kwa usalama. Kimoja hakileti kingine.

AOC ina hatua tano: mazungumzo ya awali, maombi rasmi, ukaguzi wa nyaraka, majaribio na ukaguzi wa vitendo, kisha cheti. Inakokwama ni hatua ya tatu. Watu wananunua miongozo ya kampuni nyingine, wanabadilisha jina kwenye jalada, mkaguzi anafungua ukurasa wa 40 anakuta taratibu za ATR kwenye kampuni ya Caravan. Inarudi. Wakuu wa idara (urushaji, matengenezo, mafunzo, usalama) wanahojiwa mmojammoja juu ya miongozo hiyo, kwa hiyo waandike wenyewe.

Miezi 6 ni mwendo wa nadra. Pangeni mwaka. Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kusaini mkataba wa ndege mwezi wa kwanza. Dola 22,000 kwa mwezi kwa ndege iliyoegeshwa, mara miezi 8, ni 176,000 zimeondoka kabla ya tiketi ya kwanza. Saini barua ya nia, mkataba uanze kuhesabika hatua ya nne inapokaribia. Na someni masharti ya injini moja kwa usiku na mawinguni kabla ya kuchora ratiba.

---

#22 mtoto_wa_Ipogolo

Serikali si itoe ruzuku tu? India wanafanya.

---

#23 HesabuKavu

India wana UDAN, tangu 2016. Serikali inafidia pengo la mapato kwa miaka 3 na inaweka ukomo wa nauli kwa sehemu ya viti. Mkaguzi wao mkuu alitoa ripoti 2023: njia zilizogawiwa 774, zilizoanza 371, zilizomaliza miaka 3 ni 112, zilizoendelea baada ya ruzuku kuisha ni 54. Ruzuku inanunua muda, abiria haiwanunui.

Marekani wana yao tangu 1978, haina mwisho, na miji mingi bado inaihitaji hadi leo.

Kilicho karibu na uwezo wa Iringa ni dhamana ya viti. Wenye kambi za Ruaha, kiwanda, chuo, hospitali, kila mmoja anakubali kulipia idadi ndogo ya viti kwa mwezi, avitumie asivitumie. Wanalipa tu pale ndege inaposhuka chini ya idadi iliyokubaliwa, kuna ukomo wa shilingi kwa mwezi, muda ni miezi 12, na fedha zinakaa benki kwenye akaunti ya pande mbili. Bila fedha benki hiyo ni barua ya kutakiana heri.

---

#24 Msafiri_wa_Kusini

Na ATCL (Air Tanzania) wakileta Q400 ya watu 76 mara 3 kwa wiki?

---

#25 rampu_ya_Msembe

Wale abiria wa 380,000 wataondoka siku hiyohiyo, usijidanganye. Ndiyo maana wageni wa Msembe wawe wanabeba zaidi ya nusu ya mapato: Q400 haiwezi kuwafikisha kambini. Ikija, nyie mnabadilisha sura. Inawashusha wageni Nduli, nyie mnawachukua dakika 25 za mwisho. Ila hapo saa za kuruka zinashuka vibaya, lazima kuwe na mnyororo wa hifadhi nyingine.

---

#26 Daftari_la_Madeni

Hakuna aliyegusa mzunguko wa fedha. Mafuta unalipa kabla. Kukodi ndege unalipa mwanzo wa mwezi, kwa dola. Wakala wa utalii analipa baada ya siku 30, taasisi baada ya 60 hadi 90, wengine wanasubiri bajeti. Tangu kanuni za 2025 za matumizi ya fedha za kigeni, bei ya huduma za ndani inatangazwa na kulipwa kwa shilingi, kwa hiyo unaingiza shilingi na unadaiwa dola. Shilingi ikishuka asilimia 8 kati ya kutoa ankara na kulipwa, faida yako yote ya hiyo safari imekwenda.

Kinachosaidia: abiria wa mjini alipe kwa simu wakati wa kuweka nafasi, asipolipa ndani ya saa 3 kiti kinajifungua. Wakala alipe amana ya asilimia 30 kwa nafasi za msimu, na viti asivyothibitisha siku 30 kabla vinarudi sokoni. Taasisi zinunue kitabu cha tiketi 20 kwa punguzo, zilipe kwanza. Kabla ya safari ya kwanza muwe na gharama za kudumu za miezi 6 benki, kwa ndege moja ni dola 312,000. Aliye na miezi 2 atafika Aprili tu.

---

#27 Kihesa_Juu

Kwa nini Aprili hasa?

---

#28 rampu_ya_Msembe

Masika. Machi hadi Mei wageni wa Ruaha wanapungua sana, kambi kadhaa zinafungwa Aprili na Mei, na changarawe inaloa. Msimu wa kweli ni Juni hadi Oktoba. Peleka ukaguzi mkubwa, likizo na mafunzo ya marubani kwenye Aprili, na ratiba ishuke hadi mara 3 kwa wiki badala ya kurusha viti vitupu kila siku.

Na bei za msimu ujao mawakala wa nje wanazichapisha mapema, karibu mwaka kabla. Ukipata AOC Mei ukadhani utauza Juni, utakuta vifurushi vyote vimeshatoka na ndege za wengine ndani yake. Ongea na kambi wakati faili bado liko hatua ya tatu.

---

#29 BintiMhehe

Ratiba basi mngeiweka vipi? Ndege ilale Iringa au Dar?

---

#30 rampu_ya_Msembe

Ilale Dar, ingawa makao ya kampuni ni Nduli. Nafahamu wawekezaji hawatapenda. Ukaguzi, vipuri na ndege mbadala viko Dar, na mgeni aliyeshuka usiku kutoka Ulaya anataka kuondoka Dar asubuhi.

Dar saa 1:30 asubuhi, Iringa saa 3:00. Jaza mafuta. Toka 3:25, Msembe 3:55. Toka Msembe 4:20, Iringa 4:50, toka 5:10, Dar 6:40 mchana. Hizo ni saa 4 kamili za kuruka, joto kali la mchana umelikwepa sehemu kubwa, na kabla ya giza una saa 5 za ziada za kukodishwa Mafia au Zanzibar. Hapo ndipo zile saa 110 zinavukwa hata kama Iringa ikilegea.

Mfanyabiashara wa Iringa hatapenda, maana hawezi kwenda Dar na kurudi siku hiyohiyo. Lakini yeye ni watatu, wageni ni watano.

---

#31 SpanaKumi

Dakika 25 za kujaza mafuta Nduli kwa pampu ya mkono hazitoshi. Kupima maji, kuunganisha waya, kupampu lita 300 kutoka mapipa mawili, weka 40. Au nunueni pampu ya betri na mapipa yawe yameshatulia na kupimwa kabla ndege haijatua.